Mashine Iliyozinduliwa Mara Kumi na Nne

Tuelewane mapema: nchi hii haipo. Msomaji akihisi ameifahamu, au akidhani shemeji yake ana cheo katika wizara yake, hayo ni mambo yake na shemeji yake. Nchi iliitwa Makofini, na sheria yake kuu, iliyokaa juu hata ya katiba, ilikuwa hii: kitu hakipo mpaka kizinduliwe.

Usicheke. Kisima cha kijiji cha Kisimachai kilichimbwa, kikatoa maji matamu kama ya madafu, halafu bomba likafungwa utepe mwekundu kumsubiri mgeni rasmi. Akina mama wakawa wanapita na ndoo kwenda mtoni, wanakisalimu kisima, wanaendelea na safari. Daraja la mto huohuo lilikamilika likapakwa rangi, na watu wakavuka kwa miguu majini chini yake, wakilishukuru kwa kivuli. Mochwari ya wilaya ilikaa na utepe mlangoni miaka miwili, na marehemu wa kipindi hicho wakaombwa kuwa na subira.

Ndipo ukaja Mwaka wa Ujumuishaji. Serikali ya Makofini iliamua kwamba kila mtoto mwenye ulemavu asome na wenzake, darasa moja, ubao mmoja. Uamuzi mzuri, nani atabisha? Ikaundwa Kamati ya Taifa yenye wajumbe arobaini, ikaketi ghorofa ya nne ya jengo ambalo lifti yake ilikuwa mbovu. Mjumbe pekee mwenye kiti cha magurudumu alihudhuria akiwa chini, uani. Ilipofika kupiga kura akainua mkono, nao ukahesabiwa kupitia dirishani. Kumbukumbu za kikao zinasema ushiriki ulikuwa wa asilimia mia moja.

Sasa pale Kisimachai alikuwepo binti anaitwa Sikudhani, mwenye miaka kumi na mitatu, asiyeona tangu surua ilipompitia akiwa mchanga. Kichwani hakuwa na mchezo. Nukta nundu, yale maandishi ya vipele yanayosomwa kwa vidole, alifundishwa na mjomba wake Ndekela, ambaye naye haoni, kazi yake kusuka vitanda vya kamba. Mjomba alikata trei ya mayai kipande cha mashimo sita, akamimina punje za mahindi mkononi mwa mpwa wake, akamwambia, "Punje moja hapa juu kushoto, hiyo ni A. Ukimaliza alfabeti tunapika makande." Sikudhani alimaliza kwa wiki mbili, na tangu siku hiyo kila akila makande anasema anasikia ladha ya herufi.

Shida ilikuwa mtihani wa darasa la saba. Waraka wa Baraza la Mitihani la Makofini ulisema mtahiniwa asiyeona ataandika kwa mashine ya nukta nundu, na asiye na mashine atahesabiwa hayupo. Basi mwaka wa kwanza Sikudhani aliketi chumba cha mtihani, mikono mapajani, msimamizi akaandika HAYUPO huku akimwambia, "Binti, hebu vuta mguu nipite." Na kulikuwa na kifungu kingine, kidogo, pale chini: mtoto akitimiza miaka kumi na sita bila kufanya mtihani, jina lake linafutwa na anaandikwa mtoro wa kudumu. Ukishaandikwa hivyo Makofini, hakuna shule itakayokupokea, hata ya ushonaji.

Mashine ikaja. Ilitumwa na watu wema wa mbali ambao hawakuijua desturi. Ilifika Februari, ndani ya boksi, nzito kama jiwe la kusagia, na Mwalimu Mkuu Tindwa akaipokea kwa mikono miwili, akaifunga utepe, akaiweka ofisini juu ya kabati.

"Shikamoo Mwalimu. Nimesikia imefika," akasema Sikudhani mlangoni.

"Marahaba. Imefika, lakini haipo."

"Si naisikia harufu ya grisi, Mwalimu!"

"Harufu unaweza kuisikia, harufu haina itifaki. Ila ukiigusa kabla ya kuzinduliwa, mwanangu, mimi kesho nafundisha chekechea kule kwenye mbung'o."

Mwalimu Tindwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa barua. Aliandika ya kuomba mgeni rasmi, na wizara ikamjibu kwa waraka kwamba kifaa cha ujumuishaji huzinduliwa kwa ngazi, kuanzia kitongoji hadi taifa, kwani kukiruka ngazi ni kuidharau ngazi iliyorukwa. Kila uzinduzi ukiisha kifaa kifungwe upya kwa utepe mpya. Na mtoto mlengwa awepo, abonyeze mara moja kwa ajili ya picha. Mara moja tu. "Mbonyezo mmoja ni sherehe," waraka ulieleza, "mbonyezo wa pili ni matumizi, na matumizi kabla ya uzinduzi wa kitaifa ni kosa."

Uzinduzi wa kwanza, wa kitongoji, ulifanyika mbele ya mbuzi watatu na balozi wa nyumba kumi. Balozi akakata utepe kwa panga kwa kuwa mkasi ulikuwa haujafika. Sikudhani akawekwa mbele ya mashine.

Hebu tulia hapa uielewe mashine yenyewe. Ina vitufe sita, na kimoja kirefu cha kuacha nafasi kati ya maneno. Unabonyeza vitufe kadhaa kwa mpigo, karatasi inatoka na herufi moja nzima. Mbonyezo mmoja, herufi moja. Hilo Sikudhani alilijua. Meza kuu ilidhani mashine inalia *tak* basi, kama mlango wa kabati.

Vidole vyake vikapapasa, vikapata mahali pake. *Tak*. Akaandika N, akinuia kuanza neno "Nipeni".

"Makofi!" akapaza mshereheshaji, na mashine ikafungwa utepe, karatasi ikiwa bado ndani.

Kabla ya uzinduzi wa kijiji, Sikudhani akiwa ameketi kwenye kona ya ofisi, alimsikia Ofisa Ujumuishaji wa Wilaya akimwuliza mwenzake, "Hivi hivi vipele unavisoma kutokea juu kwenda chini?"

"Mimi nijuaje, bwana? Mimi ni wa ujumuishaji."

Sikudhani akatabasamu. Njiani kurudi akamwambia mjomba wake, "Mjomba, nilitaka kuomba. Sasa sitaki kuomba tena. Nataka kuuliza."

"Kuuliza nini?"

"Utasoma mwenyewe, likiisha."

Kijiji kikazindua. Kata ikazindua. Wilaya ilizindua mara mbili, kwa sababu mkuu wa wilaya alihamishwa, na huyu mpya alisema hawezi kuongoza wilaya yenye mashine iliyozinduliwa na mtu mwingine. Jumuiya ya Akina Mama ikadai yake, ya Vijana ikadai yake, na ya Wazee wakaizindua wakidhani ni cherehani, mmoja wao akaomba apunguziwe suruali. Kila mara ngoma, kila mara hotuba, kila mara Sikudhani alibebwa nyuma ya gari la mizigo pamoja na viti vya plastiki, akabonyeza mara moja, akarudishwa. Na kila mara kidole gumba chake kiligusa kidogo kile kitufe kirefu pale nafasi ilipohitajika, maana hicho hakilii, na kisicholia Makofini hakihesabiwi.

Katikati ya safari hizo mtihani wa Novemba ulipita. Mashine ilikuwa juu ya kabati ikisubiri ngazi ya tarafa. Sikudhani aliketi chumbani, akaandikwa HAYUPO mara ya pili.

Mwaka mwingine ukaanza. Alikuwa anatimiza kumi na sita mwezi wa Desemba, na tangu hapo hakuna aliyehitaji kumwambia kilichokuwa hatarini. Ama Novemba hii, ama mtoro wa kudumu.

"Na wakiahirisha?" mama yake aliuliza, akichambua mchele.

"Hawaahirishi, dada," akajibu Mjomba Ndekela. "Kuna vitambaa vya fulana za sherehe, vimeshanunuliwa. Serikali yetu inaweza kumsahau mtoto, haijawahi kusahau fulana."

Alisema kweli. Uzinduzi wa kumi na nne, wa kitaifa, ulipangwa Ijumaa, siku tano kabla ya mtihani. Uwanja wa shule ulisawazishwa kwa greda, na greda likaubomoa mteremko wa shule wa kupandia viti vya magurudumu, kwa kuwa ulikuwa unaharibu mandhari ya sherehe ya ujumuishaji. Yakaja mahema, ikaja kwaya, akaja Mheshimiwa Waziri, Daktari wa Heshima Lugendo Mapambio, mwanamume aliyekuwa na mkasi wake binafsi wa dhahabu, unaobebwa na mtu juu ya mto mdogo wa mahameli.

"Ndugu zangu," alianza, "nimetembea dunia nzima. Nimeona ujumuishaji wa Ulaya. Nimeona ujumuishaji wa Asia. Huu wetu hauonekani popote!"

Makofi. Mjomba Ndekela, aliyekaa kwenye nyasi kwa vile viti vya watu wenye ulemavu vilikaliwa na walinzi, akanong'ona, "Hapo kasema kweli tupu."

Utepe ukakatwa. Sikudhani akasogezwa. Alipiga herufi yake ya kumi na nne taratibu, akaachia pumzi. *Tak*. Waziri, akiwa amepagawa na kamera, akafanya jambo ambalo wengine kumi na watatu hawakulifanya: akaichomoa karatasi, akaiinua juu, akaikazia macho.

"Mtoto ameandika!" akanguruma. "Na sisi serikali tunasoma! Anasema hivi: 'Mimi, mtoto wa Makofini, nakushukuru Mheshimiwa Waziri kwa moyo wako wa huruma, kwa mashine hii, kwa barabara, kwa mbolea ya ruzuku, na ninaahidi kuwa mzalendo, na ninakuombea miaka mingine mitano…'" Akaendelea dakika mbili nzima. Kwaya ikaanza kulia kwa sauti ya pili.

Waziri alipomaliza, Sikudhani akauliza kwa upole, na kipaza sauti kilikuwa karibu, "Samahani Mheshimiwa. Na hayo ya mbolea nayo yapo humo?"

"Yapo, binti. Usiwe na aibu."

Mjomba Ndekela akasimama pale nyasini. "Mheshimiwa, shikamoo. Mimi ni mjomba wa mtoto. Naomba na mimi niishike hiyo karatasi ya baraka."

Nani anamnyima kipofu karatasi mbele ya kamera sita? Akapewa. Akapitisha kidole mara moja, akasita. Akapitisha tena, na mabega yake yakaanza kutikisika. Watu wakadhani analia.

"Mpwa wangu," akasema, "kumbe ndilo hili? Ndugu wananchi, humu kuna maneno matatu. Yanasema: Nani anasoma hii?"

Waziri akatazama mkasi wake. Ofisa Ujumuishaji wa Wilaya akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa makubazi. Mshereheshaji, ambaye kazi yake ni kuhakikisha hakuna ukimya, akapayuka, "Makofi kwa swali zuri!" Uwanja mzima ukapiga makofi, Waziri akiwa wa kwanza.

"Swali zito!" akasema Waziri, kwa haraka ya mtu anayekanyaga ganda la ndizi. "La kifalsafa! Mashine hii sasa ni mali ya historia. Naagiza izungushwe mikoa yote kwa ziara ya shukrani, kuanzia Jumatatu!"

Mwalimu Tindwa akashika kichwa. Mtihani ulikuwa Jumatano. Mama yake Sikudhani akasikika kule nyuma akisema "Jamani!" mara moja tu, kama mtu aliyedondosha chungu.

Sikudhani alikuwa bado mbele ya kipaza sauti. Alikuwa amesimama kwenye sherehe kumi na nne, akila vumbi la wageni rasmi kumi na wanne, na kama kuna kitu alikuwa amefundishwa na serikali yake, ni namna inavyofikiri.

"Mheshimiwa, naomba kuuliza la mwisho. Huo mtihani wa darasa la saba, ulizinduliwa lini?"

"Mtihani?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Nani aliuzindua?"

Waziri akamgeukia Katibu Mkuu. Katibu Mkuu akamgeukia Kamishna. Kamishna akafungua jalada, akalifunga, akalifungua tena kana kwamba majibu huota. Mtihani ule ulikuwa umefanyika miaka hamsini na haukuwahi kukatiwa utepe hata siku moja! Kwa hiyo haukuwepo. Kwa hiyo vyeti vyote vilivyotokana nao havikuwepo. Meza kuu ikaanza kujipapasa mifukoni, kila mmoja akiona vyeo vyake vikiyeyuka, isipokuwa Waziri, ambaye cheti hicho hakuwa nacho tangu awali. Ila hata yeye hakutaka ijulikane.

"Uzinduliwe Jumatano!" akaamuru. "Hapahapa! Na mimi nitakuwa mgeni rasmi!"

"Na atakayebonyeza kwa picha?" akauliza Sikudhani.

"Wewe, binti!"

"Kila swali?"

"Kila swali!" akasema Waziri, kabla Katibu Mkuu hajamfikia mkono.

Basi Jumatano ikafanyika sherehe ambayo Makofini haijawahi kuona. Kila swali lilifungwa utepe wake. Mtihani wa nukta nundu haukuwa umechapishwa, hivyo mshereheshaji aliyasoma maswali kwa kipaza sauti, kwa mbwembwe. "Swali la saba! Mstatili una urefu wa sentimita kumi na mbili! Makofi kwa mstatili!" Waziri anakata, kwaya inaimba ubeti, Sikudhani anaandika. *Tak tak tak tak*. Mara hii hakuna aliyehesabu mibonyezo, mashine ilishazinduliwa kitaifa, ruksa. Yale maneno yaliyozuiwa karibu miaka miwili yakafumuka kama maji.

Kwenye swali la ishirini mshereheshaji akasoma, "Tazama mchoro ufuatao." Akasubiri. Sikudhani akaandika: *Mchoro haujazinduliwa.* Akasonga mbele.

Kufikia somo la pili kidole gumba cha Waziri kilikuwa na malengelenge mawili, na itifaki haimruhusu mgeni rasmi kuondoka kabla ya mtoto mlengwa kumaliza. Akamwachia mkasi Naibu Waziri. Naibu akamwachia Katibu Mkuu. Alhamisi jioni, maswali ya mwisho ya Maarifa ya Jamii yalizinduliwa na dereva, aliyekuwa anakata utepe kwa meno huku akiuliza, "Bado mengi, dada'ngu?" Somo la Kiingereza halikufanyika. Utepe uliisha nchi nzima.

Karatasi zake zikapelekwa Baraza. Wasahihishaji kumi na wawili walizizunguka. Wakazipapasa. Mmoja akasema zina vipele vingi, dalili ya bidii. Mwingine akaziinua juu ya taa. Hatimaye mwenyekiti akauliza kama kuna aliye tayari kumfelisha mtoto aliyezinduliwa na serikali mara mia moja na sitini, na hakuna aliyejitokeza.

Sikudhani akapata A masomo yote matano, Kiingereza kikiwemo.

Mwalimu Tindwa alimletea habari mbio, shati limelowa jasho. Mama akapiga kigelegele. Sikudhani akauliza, "Mwalimu, nimekosa ngapi?"

"Umekosa? Nani kasema umekosa?"

"Na nani kasema nimepata?"

Mwalimu akajipapasa mfukoni kutafuta waraka. Akamaliza maji aliyopewa, akaaga.

Januari akapangiwa Sekondari ya Taifa ya Elimu Jumuishi. Walisafiri siku nzima, yeye na Mjomba Ndekela, sanduku katikati yao. Shule ilikuwa imejengwa miaka minne nyuma, ya matofali ya kuchoma. Ndani kulikuwa na mashine thelathini za nukta nundu, mlinzi mwenyewe aliwathibitishia getini, tena zina mafuta safi, huzifuta vumbi kila Jumamosi.

"Na wanafunzi?" akauliza Mjomba.

"Wanafunzi hawajawahi kuingia, mzee wangu. Waliopangiwa kabla yenu walirudi makwao kusubiri."

"Kusubiri nini?"

Sikudhani alikuwa ameshanyoosha mkono. Lango lilikuwa la chuma, la moto kwa jua, na katikati yake vidole vyake vikakutana na kitu laini, kipana, kilichofungwa fundo la maua. Alikijua. Hakuna mtoto Makofini aliyekijua kuliko yeye.

"Mjomba, kile kisu chako cha kukatia kamba unacho?"

"Ninacho. Lakini si cha dhahabu."

"Lete."

"Wewe binti!" akaruka mlinzi. "Huo unamsubiri mgeni rasmi! Mgeni rasmi ni nani hapa?"

"Mwanafunzi," akasema Sikudhani, na kisu kikapita.

Utepe ukaanguka, nusu huku, nusu huku. Lango likalia kwa kutu, likafunguka. Na mlinzi, kwa mazoea tu, akapiga makofi.